Hadithi za Manga

Kwa watu wa umri wangu neno manga lina maana moja tu, nayo ni Uarabuni. Pilipili manga ni pilipili iliyokuja na majahazi. Komamanga ni tunda la huko, njiwa manga ni njiwa wa huko, na Mmanga ni Mwarabu aliyeshuka kutoka Oman akafungua duka. Kwa hiyo mjukuu wangu, kijana wa kidato cha tatu, aliponiambia katika likizo ya Desemba kwamba alikuwa akisoma manga ndani ya simu, nilimwuliza kama siku hizi wanafundishwa Kiarabu shuleni. Alicheka mpaka akaiweka simu chini.

"Babu, manga ni katuni za Wajapani."

Nikamwambia anioneshe. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kurasa zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama msahafu, na nikamwambia kwamba basi sikukosea sana. Cha pili ni kwamba mtoto yule, ambaye hawezi kukaa na kitabu cha historia kwa nusu saa, alikuwa amemaliza sura sitini za hadithi moja tangu shule zifungwe. Mimi nilikuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya thelathini, na miaka mingi ya hiyo nilikuwa mkuu wa shule. Mtu wa namna yangu akiona mtoto anasoma kwa hiari yake, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba kuna ubaya ndani yake. Nikamwambia akae hapa kwenye mkeka, chini ya mwembe, anisimulie.

Hadithi yenyewe inaitwa Fullmetal Alchemist. Mtungaji na mchoraji wake ni mwanamke, Hiromu Arakawa, aliyezaliwa mwaka 1973 katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani, kwenye familia ya wafuga ng'ombe wa maziwa. Akijichora mwenyewe pembeni mwa kitabu hujichora ng'ombe aliyevaa miwani. Hilo lilinipendeza. Hadithi ilitoka kila mwezi katika gazeti la vijana kuanzia mwaka 2001 hadi mwaka 2010, sura 108 kwa jumla, ikakusanywa katika vitabu 27. Inahusu ndugu wawili, Edward na Alphonse, watoto wa nchi ya kubuni ambako kuna elimu ya kugeuza vitu: udongo ukawa ukuta, chuma kikawa mkuki. Mama yao alifariki wakiwa wadogo. Wakajaribu kumrudisha kwa elimu hiyo, jambo lililokatazwa kabisa. Mkubwa akapoteza mguu. Mdogo akapoteza mwili mzima, na kaka yake akatoa mkono wake wa kulia ili apate kuifunga roho ya mdogo wake ndani ya vazi tupu la chuma la askari wa kale. Tangu hapo wanazunguka nchi nzima wakitafuta jiwe litakalowarudishia miili yao.

Msomaji atasema hii ni hadithi ya kuliza. Sivyo. Huyo Edward ni mfupi, na mtu yeyote akitamka neno linalokaribia ufupi anapandwa na wazimu, anapiga makelele, uso unachorwa kama wa paka aliyemwagiwa maji. Mdogo wake aliye chuma tupu huokota paka wa mitaani na kuwaficha tumboni mwake. Nilijikuta nacheka, mimi mzee wa miaka sabini na kitu, hapa Mkwajuni, kwa vituko vya Mjapani.

Kisha mjukuu wangu akafika kwenye habari ya Tucker, akanyamaza kidogo. "Babu," akasema, "hapa usinikasirikie."

Nitairudia habari hiyo baadaye. Kwanza nataka kueleza kwa nini ilinigusa, na kwa ajili hiyo ni lazima nirudi nyuma, kwa maana sisi nasi tuna historia yetu ya hadithi za namna hii. Nimegundua kwamba vijana hawaijui, na wazee walioijua waliidharau. Nami nilikuwa mmoja wao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na zimwi moja alilolipenda sana. Lilimeza watu, ng'ombe na nyumba, lakini lilikuwa pumbavu, na lilijamba kila lilipotaka kunyemelea, kwa hiyo watoto walilisikia kabla halijafika. Tulicheka hadi machozi. Halafu bibi, bila kubadilisha sauti, alisema kwamba mtoto mmoja alikuwa kiziwi. Basi. Hakueleza zaidi. Tulikwenda kulala tukiwa tumeshikana mikono. Nimekaa chuo cha ualimu miaka miwili nikifundishwa mbinu za kufundisha, na hakuna mkufunzi aliyenionesha jambo ambalo bibi huyo hakulijua.

Katika vitabu, mambo haya yaliingia kwa mlango wa Manga yetu ya zamani. Wakati wa Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920, Alfu Lela Ulela ilitolewa kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri za hadithi za Kizungu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, ya mwaka 1929. Abunuwasi alikuwa ameshakaa pwani kabla ya hapo, akiwadhihaki wafalme. Hivi vilikuwa vitabu vya shule. Nami nilivisoma katika shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa nakala iliyokuwa haina jalada wala kurasa za mwisho. Sikujua mwisho wa safari za Sindbadi mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara.

Lakini kitabu kilichonikamata ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Mfalme Rai anapelekewa habari kwamba mtu wake mwaminifu, Adili, kila usiku huwapiga manyani wawili, kisha analia na kuwalisha kwa upole. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya wivu na hiana waliyomtendea. Kama hakuwapiga, yeye mwenyewe angeadhibiwa. Chimbuko lake liko katika Alfu Lela Ulela, ambako wale ndugu wamegeuzwa mbwa. Shaaban Robert alichukua hadithi ya Manga akaifanya yetu, yenye kiboko na machozi katika mkono mmoja. Nimeifundisha miaka mingi. Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi maswali ya wema na ubaya, ya wivu na uaminifu, lakini sikuwahi kuwauliza lile ambalo kila mtoto anataka kuulizwa: unapompiga nyani ambaye ni ndugu yako, macho yake yanakutazamaje?

Picha zilikuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 Mkenya Edward Gicheru Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, mjinga wa magazetini, na akaendelea naye kwa zaidi ya miaka hamsini. Kalulu ndilo jina la sungura kwa jirani zetu wa Zambia na Malawi, yule yule mjanja wa hadithi, ila huyu amefanywa juha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, mtu wa mtaani mwenye maneno yake, na watu wazima walianza kulisoma gazeti kwa nyuma ili wamkute kwanza. Wakati huo huo lilikuwako gazeti la picha za kupiga, African Film, lililotoka kusini, na shujaa wake Lance Spearman mwenye kofia na sigara. Lilisomwa kwa Kiingereza na watu wasiojua Kiingereza. Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo, akatoa la kwetu, Film Tanzania, kwa namna hiyo hiyo ya picha na maneno yanayotoka mdomoni.

Kisha likaja SANI, mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina lenyewe ni la watu wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, herufi mbili kwa kila mmoja. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Madenge na Komredi Kipepe. Philip Ndunguru, ambaye wachoraji wengi waliofuata walijifunza kwa kumwiga, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Kipepe alichorwa na Ibra Radi Washokera, na wataalamu wa baadaye wamemlinganisha na Asterix wa Wafaransa. Wengine waliona aibu kwa jambo hilo. Mimi sioni. Shaaban Robert alichukua mbwa akafanya nyani. Mwenzake achukue Mgaul akafanya komredi. Katika miaka ya 1990 James Gayo alileta Kingo, na filamu ya Titanic ilipofika kwetu kijana mmoja, Joshua Amandus Mtani, aliichora upya kwa Kiswahili, kitabu baada ya kitabu, kwa ajili ya watu wasioweza kuifuata kwenye kideo.

Nikilinganisha na Japani, naona tofauti moja kubwa, nayo si kipaji. Neno lenyewe manga lilikuwepo huko tangu zamani. Msanii Hokusai alianza kutoa vitabu vya michoro vyenye jina hilo mwaka 1814. Baada ya vita, Osamu Tezuka aliyekuwa amesomea udaktari akaanza kuchora hadithi ndefu kama riwaya. Gazeti la vijana la Shonen Jump lilianza mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1990 toleo moja la wiki lilifikia kuchapwa nakala milioni 6.5. Maana yake mchoraji wa huko aliweza kuwa na wasaidizi, na mhariri wa kumsumbua, na uhakika kwamba neno itaendelea litatimizwa. Mchoraji wa kwetu alisubiri karatasi. Walioishi miaka ile ya 1980 wanakumbuka hali ilivyokuwa: hata madaftari ya shule yalikuwa ya kugombea. Toleo moja lilitoka, lifuatalo likachelewa miezi, na hadithi ikakatika shujaa akiwa ananing'inia juu ya mamba. Nchi yetu ina mashujaa wengi wa katuni ambao hadi leo wananing'inia.

Najua hayo kwa sababu ninayo magazeti yenyewe. Ninayo kwa njia isiyo ya heshima sana: niliwanyang'anya wanafunzi.

Kila mwalimu wa zama zangu alikuwa na droo ya vitu vya kunyang'anya. Yangu ilijaa, nikahamia kwenye kabati, kabati likajaa, nikanunua sanduku la bati. Nilipostaafu nilikuja nalo hapa Mkwajuni, ambapo wakati ule palikuwa bado Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe umeundwa mwaka 2016. Mke wangu aliuliza kwa nini sikuyachoma. Nikamjibu kwamba mwalimu hachomi karatasi iliyoandikwa. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nikiyasoma usiku, ofisini, kwa taa ya chemli, nimefunga mlango.

Sasa nirudi kwa Tucker.

Katika nchi ile ya kubuni, wataalamu wa kugeuza vitu huajiriwa na jeshi. Wanapewa fedha nyingi za utafiti, na kila mwaka ni lazima waoneshe matokeo, la sivyo wanapoteza cheo. Sheria zinawakataza kuumba binadamu, na zinawakataza kutengeneza dhahabu. Tucker ni mmoja wao. Sifa yake ni kwamba aliwahi kuunganisha wanyama akapata mnyama anayesema kama mtu. Mnyama huyo alisema tu kwamba anataka kufa, akagoma kula, akafa. Mke wake, watu wanaambiwa, alimkimbia wakati huo huo. Nyumbani kwake yupo binti yake mdogo, Nina, na mbwa mkubwa mweupe. Wale ndugu wawili wanakwenda kusoma katika maktaba yake, na kurasa nyingi ni za kuchekesha: mbwa anamrukia Edward na kumlalia mpaka anakuwa bapa kama chapati, Nina anapanda mabegani mwa yule wa chuma. Msomaji anampenda mtoto kwa kuwa anacheka naye. Kisha unakaribia wakati wa mtihani wa mwaka. Siku moja ndugu wale wanarudi, nyumba iko kimya, na Tucker anawaonesha kwa furaha mnyama mpya anayesema. Mnyama analitamka jina la Edward, polepole. Halafu anamwita kaka.

Edward anauliza maswali machache tu. Mke wako alitoweka mwaka gani? Na Nina na mbwa wako wapi?

Mjukuu wangu alikuwa ameacha kusoma. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na banda la kuku. Toka pale unasikia karasha za wachimbaji zinavyosaga mawe mchana kutwa. Huu ni mji wa dhahabu. Pale Saza palikuwa na mgodi mkubwa wakati wa Mwingereza, na leo vijana wetu wanashuka mashimoni kwa kamba na kuosha udongo kwa zebaki. Na kila mtu hapa amewahi kusikia, akiwa amekaa na wenzake jioni, kwamba fulani alipata mwamba mzuri kwa sababu alitoa kitu. Hawasemi kitu gani. Mwaka 2007 na miaka iliyofuata nchi nzima ilijua ni kitu gani, pale ndugu zetu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo, na wengine walikuwa watoto wadogo, na katika kesi nyingine aliyeshitakiwa alikuwa mtu wa nyumbani. Tucker si Mjapani peke yake.

Lakini huku kusini magharibi tulikuwa tumeonja mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na wachuna ngozi. Watu waliuawa katika mkoa wa Mbeya wa wakati ule, Mbozi na kwingineko, na ngozi zao zikachunwa, na ikasemwa kwamba zinauzwa nje ya mpaka kwa ajili ya uchawi. Wakubwa wa leo huko mijini hudhani ni uvumi tu. Haukuwa uvumi tu. Ilikuwepo miili, na zilikuwepo kesi mahakamani. Uvumi ulikuwepo pia, mwingi, na uvumi wenyewe uliua watu: mgeni akionekana amebeba mfuko jioni aliweza kupigwa mpaka kufa. Wazazi waliwasindikiza watoto kwa makundi, wenye mapanga mbele na nyuma.

Nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni. Niliongeza walinzi, nikakataza kutoka baada ya saa kumi na mbili, na nikakataza kulizungumza jambo hilo. Niliamini kwamba jambo likizungumzwa linakua. Katika hali hiyo mwalimu wa zamu aliniletea daftari la mraba, la hesabu, alilolikuta bwaloni. Wavulana walikuwa wamelizunguka wakicheka hata wengine wameacha chakula.

Lilikuwa ni hadithi ya picha, imechorwa kwa kalamu ya wino wa bluu, kurasa ishirini na tatu. Shujaa ni kijana mfupi, mjinga, mwenye suruali inayoanguka kila mara. Anavuka mpaka kwenda kwa zimwi mfanyabiashara kuikomboa ngozi ya mjomba wake. Zimwi limeanika ngozi kwenye kamba na kuzibana kwa vibanio kama nguo za shule. Limevaa tai, na lina kitabu cha risiti. Kijana anaambiwa achague. Hajui ipi ni ya mjomba, kwa hiyo anazijaribu moja moja: hii inambana kwapani, hii ni ya mtu mnene inaburuza, hii ina mfuko wenye tiketi ya basi ndani. Anaomba apunguziwe bei. Zimwi linasema bei ni moja duniani kote. Katika picha ya mwisho linatoa mizani na kumwangalia kijana toka kichwani mpaka miguuni, na chini pameandikwa itaendelea.

Nilimwita mwenye daftari. Kijana wa kidato cha pili, mtulivu, wa wastani darasani. Nikamwuliza kama haoni haya kuwacheka marehemu. Hakujibu. Nikampa viboko vinne mbele ya ofisi na kumrudisha nyumbani kwa wiki mbili. Daftari likaingia kwenye sanduku.

Katika wiki ya pili mwalimu wake wa darasa alikuja kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwamba mjomba wa kijana yule, ndugu wa mama yake na ndiye aliyekuwa akimlipia ada, alikuwa amekutwa shambani miezi michache nyuma, kwenye mahindi, katika hali ile.

Nitasema wazi nilichofanya. Sikufanya kitu. Kijana alirudi, nikampokea kama wengine. Nikamtafutia msaada wa ada kwa njia ya mzunguko, ili isijulikane imetoka kwangu. Sikumwita. Mkuu wa shule akiomba radhi kwa mwanafunzi, nilidhani, shule itaanguka. Akamaliza kidato cha nne kwa matokeo hafifu akaondoka, na kwa kadiri nilivyojua hakuchora tena.

Arakawa, mjukuu wangu aliniambia, alipotaka kuandika kuhusu vita vya mauaji katika hadithi yake, aliwaendea wazee waliopigana Vita Kuu ya Pili akawasikiliza. Sehemu ile ya vita ni ya kutisha kuliko Tucker. Na jiwe lile ambalo ndugu wanalitafuta kwa sura nyingi, lile la kuwarudishia miili, mwishowe inajulikana linatengenezwa kwa roho za watu walio hai. Wanaambiwa, kwa kifupi, kwamba bei ni moja duniani kote. Niliposikia hayo nilimwambia mjukuu wangu anyamaze, nikaenda ndani kulifungua sanduku.

Daftari lilikuwa chini kabisa, katikati ya SANI mbili. Panya walikuwa wamekula pembe moja. Nikalisoma tena kwa miwani, na mjukuu wangu akalisoma akiwa ameniegemea bega. Alicheka kwenye ile ngozi ya mtu mnene. Kisha akaacha kucheka, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaitazama ile yenye tiketi ya basi. "Aliyechora hii anajua," akasema. Sikumwuliza anajua nini.

Nilichukua muda kumpata mwenyewe. Mwanafunzi wangu mwingine, aliye mwalimu sasa, aliniambia yuko Tunduma, anafanya kazi kwa wakala wa forodha, anashughulikia karatasi za malori. Mwezi wa pili nilipanda gari mpaka Mbalizi, na kutoka hapo gari la Tunduma. Foleni ya malori ilikuwa imeanza mbali kabla ya mji. Nilimkuta nje ya ofisi, mtu mzima mwenye mvi kidogo na kitambi, ana mafaili kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Tuliketi kwa mama lishe, tukaagiza chai. Nikampa daftari. Alilifungua bila haraka. Alicheka alipoiona ile tai ya zimwi, akasema siku hizi anawaona watu wa namna hiyo kila siku dirishani kwake, na risiti zao. Nikamwambia kile nilichokuwa nimekuja kusema: kwamba nilijua habari za mjomba wake tangu wiki ile, na sikusema kitu, na viboko vile havikuwa haki.

"Nilijua kwamba unajua, Mwalimu," akasema. "Uliacha kuniita kwa jina langu. Ukawa unaniita kijana."

Sikuwa na jibu. Akaendelea kufunua mpaka ukurasa wa mwisho, ule wa mizani. Nikamwuliza ilikuwa iishe vipi. Aliutazama muda mrefu, chai ikapoa.

"Nilikuwa bado sijaamua kama anaipata," akasema. "Na sikujua kama angeitambua."

Simu yake ikalia, dereva fulani alikuwa amekwama kwa ajili ya muhuri. Akainuka, akalipa chai yangu kabla sijatoa mkono mfukoni, akaliweka daftari katikati ya mafaili ya malori na kwenda nalo kuelekea mpakani.